Katekista si Mpiga Kengele



Neno tunalotaka kulinena mwezi huu si neno tamu. Tumekaa nalo moyoni muda mrefu, tukitumaini kwamba wakubwa kuliko sisi watalisema. Hawakulisema, basi tutalisema sisi. Na yeyote atakayeona uchungu ajue kwamba uchungu huo umetupata sisi kwanza, kwa kuwa hatujitoi katika lawama hii.

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika karamu ya padre mpya, mzaliwa wa kigango kimoja ambacho hatutakitaja jina. Furaha ilikuwa kubwa. Ng'ombe walichinjwa, ngoma zililia, wageni wa heshima walikaa kivulini katika viti vilivyotandikwa vitambaa. Wasemaji wakasimama mmoja baada ya mmoja. Wakawasifu wazazi, wakawasifu waalimu wa shule, wakamsifu tajiri mmoja aliyetoa mabati ya kanisa, hata wapishi nao wakasifiwa. Karibu na jiko, penye jua, alikaa mzee mmoja juu ya kinu kilichopinduliwa, sahani yake magotini. Hakuna aliyemtaja. Tukamwuliza kijana mmoja aliyekuwa akigawa chakula, "Mzee yule ni nani?" Akajibu asigeuze hata kichwa, "Aa, yule ni katekista wa zamani tu, mpiga kengele."

Mpiga kengele! Tukawauliza wenyeji wengine, tukapata habari zake. Kumbe mzee yule ndiye aliyemfundisha padre yule kufanya ishara ya Msalaba alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Ndiye aliyembatiza mdogo wake katika hatari ya kufa, usiku, kwa maji ya mtungi. Ndiye aliyemzika babu yake siku ambayo mto ulijaa na padre hakuweza kuvuka. Ndiye aliyemshika mkono akaenda naye kwa miguu mpaka misioni, akawaambia mapadre wamwangalie mtoto huyu, kwa maana anauliza maswali. Miaka 31 alifanya kazi hiyo. Na kijiji chote alichokifundisha kusali kilikuwa kinakula na kunywa, naye yuko jikoni juu ya kinu.

Ndugu, neno lile "mpiga kengele tu" ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tungekuwa tumelisikia mara moja tungelisamehe kama upuuzi wa kijana. Lakini tumelisikia mara nyingi, nanyi pia mmelisikia. Wengine hawalitamki kwa mdomo, ila wanalitamka kwa matendo. Tutazame basi kama ni kweli.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Neno "katekista" asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mtu afundishaye kwa mdomo, alifanyaye neno lilie masikioni mwa msikilizaji. Kengele nayo hulia masikioni; lakini kengele ni chuma, hailijui inalolilia, wala haiombi kwa ajili ya yule anayeisikia. Katekista analijua analolitangaza, na anamjua anayemtangazia. Anajua kwamba huyu mama hakuja Jumapili kwa sababu mumewe amemkataza, na kwamba mtoto huyu hasemi sala kwa sababu nyumbani hakuna anayesali. Kengele gani ijuayo mambo hayo?

Pili, tuulize imani hii tuliipataje. Watu wengi hudhani kwamba imani ililetwa na wamisionari peke yao. Wamisionari tunawaheshimu. Walikufa kwa homa, walizikwa katika nchi yetu, na makaburi yao tunayajua, pale Bagamoyo walipofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Lakini wasomaji, padre mgeni aliyefika jana, lugha haijui, mila hazijui, njia hazijui, angewezaje peke yake kuingia katika mioyo ya watu? Mapadre wa Bagamoyo walipoingia bara, wakafungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, walikwenda pamoja na Wakristo waliokombolewa utumwani. Hao waliokuwa wameuzwa sokoni kama mbuzi ndio waliosimama mbele ya watu huru wakiwafundisha uhuru wa wana wa Mungu. Tunajivunia makanisa ya matofali. Waliochimba msingi tumewasahau.

Au mtazameni Adriani Atiman. Alizaliwa katika nchi ya mto Niger, mbali sana na kwetu. Akaibiwa angali mtoto, akavushwa jangwa akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa, na Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga wa kizungu, awe mganga na katekista pamoja. Mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, na hapo akakaa mpaka kufa kwake mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 alitibu vidonda kwa mkono mmoja na kufundisha Injili kwa mkono wa pili. Mapadre na maaskofu walikuja, wakahamishwa, wakafa, Atiman alibaki. Akaoa hapo, akazaa, na mwanawe akawa padre. Je, mtu huyo naye tumwite mpiga kengele?

Tatu, tuwaendee jirani zetu wa Uganda, maana habari yao yatosha kumnyamazisha kila mwenye kudharau. Mapadre Weupe wa kwanza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882, walipoona hatari imezidi, waliondoka, wakavuka ziwa, wakakaa upande wa kusini, katika nchi ya Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Hesabuni: ni karibu miaka mitatu. Hakuna padre, hakuna Misa, hakuna maungamo, hakuna kitabu cha kutosha. Wakristo waliobatizwa walikuwa wachache, na wengi wao hawajatimiza hata mwaka mmoja tangu ubatizo wao. Mwenye akili ya dunia angesema: moto huo umezimika, mapadre wakirudi watakuta majivu.

Hawakukuta majivu. Walikuta watu wengi kuliko wale waliowaacha, wanajua sala, wanangoja ubatizo. Nani aliyewafundisha? Yosefu Mukasa aliwafundisha vijana ndani ya jumba la mfalme. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwafundisha watu nyumbani kwake. Matia Mulumba na Luka Banabakintu waliifanya Mityana kuwa shamba la Mungu. Hakuna aliyekuwa padre, wala hakuna aliyekuwa na cheti cha shule.

Tena waliyoyafundisha kwa mdomo waliyatia muhuri kwa damu. Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885. Mwaka uliofuata Kaggwa alidaiwa na waziri mkuu wa Kabaka, ambaye alikasirika kwa kuwa Kaggwa alifundisha dini hata watoto wa nyumbani mwake. Wakamkata mkono, kisha kichwa, tarehe 26 Mei 1886. Matia Mulumba alikatwa viungo akaachwa porini afe polepole. Na usiku ule kabla ya kuhukumiwa, Karoli Lwanga, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi sita tu kabla yake, aliwabatiza wenzake ambao walikuwa bado wakatekumeni, na Kizito mdogo mmoja wao. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wote 22 kuwa Watakatifu mwaka 1964. Kila mwaka tarehe 3 Juni tunaimba sifa zao, na wengine wetu husafiri kwenda kuhiji. Vema. Lakini ni ajabu kubwa kumheshimu katekista wa Uganda aliyekwisha kufa, na kumkalisha jikoni katekista wa kwetu aliye hai.

Na kama mtu akishikilia kusema, "Lakini huyu wa kwetu kweli hupiga kengele," tutamjibu kwa habari ya Paimol, katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda. Huko walitumwa vijana wawili: Daudi Okelo, ambaye bado hajafikia miaka 20, na Jildo Irwa, mdogo kuliko yeye. Walibatizwa mwaka 1916. Katekista wa Paimol alikuwa amekufa, na Daudi akajitoa kushika nafasi yake. Padre akamwambia wazi kwamba mahali pale ni pa hatari. Daudi hakurudi nyuma. Kazi yake ilikuwa nini? Alfajiri alipiga ngoma kuwaita wakatekumeni kusali. Akawafundisha sala na maswali ya katekisimu, akirudia mpaka yashike. Mchana aliwafuata watoto mashambani na machungani, kwa sababu walikuwa wakiwasaidia wazazi wao. Jua likizama aliwaita tena, wakasali Rozari, wakamwimbia Mama Maria. Ndiyo hayo tu, kila siku. Oktoba 1918, watu wakaja alfajiri wakamtaka aache kufundisha. Akakataa, wakamchoma mkuki. Jildo, mtoto yule, hakukubali kukimbia amwache mwenzake, naye akauawa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza kuwa Wenye Heri tarehe 20 Oktoba 2002.

Basi, msomaji, kama kupiga ngoma alfajiri ni kazi ya kudharauliwa, Kanisa limekosea kumweka Daudi juu ya altare. Na kama Kanisa halikukosea, tumekosea sisi.

Wala msiseme kwamba mambo haya ni ya Uganda tu. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, na baada yake, wamisionari Wajerumani wa Shirika la Mtakatifu Benedikto waliokuwa kusini ya Tanganyika waliondolewa na Waingereza. Misioni zikabaki kama nyumba isiyo na baba. Makatekista ndio waliowakusanya Wakristo, wakawafundisha watoto, wakawazika wafu. Wazee wetu waliyaona hayo. Sisi tumeyasahau kwa sababu tumezoea kumwona padre akija na pikipiki.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu neno kwa neno, maana tunayajua wanayoyasema.

Wa kwanza husema, "Katekista ni msaidizi wa padre. Padre akiwapo, katekista ni nani?" Ni kweli kwamba hawezi kuadhimisha Misa wala kuondolea dhambi, na katekista mwema hatamani yasiyo yake. Lakini tazameni vigango vyetu. Padre ni mmoja, vigango vyaweza kuwa 10 au zaidi. Kigango kingine humwona padre mara moja kwa mwezi, kingine siku nyingi zaidi hupita. Jumapili nyingine zote ni nani anayesimama mbele ya watu, akasoma Neno na kuongoza sala? Na padre akija siku hiyo moja, akute watoto tayari kwa Komunio ya kwanza, wachumba tayari kwa ndoa, wagonjwa wameandikwa majina wapakwe mafuta, ni nani aliyetayarisha? Padre huvuna kwa siku moja alichokilima katekista kwa mwaka mzima. Hesabuni wenyewe: akifundisha siku 3 kila wiki, saa 2 kila siku, kwa mwaka ni saa zaidi ya 300. Ni nani kati yetu ampaye Mungu saa 300 kwa mwaka? Tena Papa Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, ameamuru kwa barua yake kwamba ukatekista uwe huduma rasmi ya walei, waume kwa wake, yenye ibada yake ya kumweka mtu katika kazi hiyo. Roma imemwita mtumishi wa Kanisa. Kijijini tunamwita mpiga kengele. Nani tumsikilize?

Wa pili husema, "Hana elimu. Mwanangu amesoma mpaka sekondari. Atafundishwaje na mtu wa darasa la saba?" Ndugu, someni Matendo ya Mitume. Apolo alikuwa mtu wa elimu nyingi, hodari wa maneno. Nani aliyemchukua kando akamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi? Ni Priska na Akwila, mke na mume, washona mahema. Apolo hakuuliza wamesoma darasa gani. Elimu ya shule ni njema, nasi tulio waalimu hatuwezi kuidharau. Lakini mwenye kujua hesabu si lazima ajue kusali. Tena, kama katekista wako ana elimu haba, lawama ni ya nani? Je, siku ilipotakiwa michango ya kumpeleka katika chuo cha makatekista ulitoa? Umemnyima mtu jembe, kisha wamcheka kwa kuwa amelima kwa mikono!

Wa tatu husema neno ambalo hutuudhi kuliko yote: "Akitaka kulipwa, hampendi Mungu. Kazi ya Mungu ni ya bure." Neno hilo limevaa kanzu ya utakatifu, lakini ndani yake mna ubahili. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba Bwana ameagiza wahubiri wa Injili wapate riziki kwa Injili. Akawaandikia Wagalatia kwamba afundishwaye neno amshirikishe mwalimu wake katika mema yote. Na lugha aliyoiandikia Mtume, neno lile la "afundishwaye" na "mwalimu" ndilo lile lile lililozaa jina la katekista! Mababa wa Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yao ya mwaka 1965 juu ya kueneza Injili, walisema wazi kwamba makatekista waliojitoa kabisa kwa kazi hii wapewe ujira wa haki na maisha yanayostahili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo yasema kwamba walei wanaolitumikia Kanisa kwa kazi ya kudumu wana haki ya kupata riziki ya kuwafaa wao na jamaa zao. Hivyo anayemnyima katekista hamwigi Kristu fukara, anavunja haki.

Na tuseme ukweli mtupu. Mganga wa kienyeji humpa kuku na fedha, wala humwambii kwamba kipaji chake ni cha bure. Mcheza ngoma wa arusi humlipa. Fundi wa baiskeli humlipa. Anayekufundishia mwanao njia ya uzima wa milele ndiye peke yake unayemtaka aishi kwa upepo. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Lakini katekista huchumia juani, na wanaolia kivulini ni wengine.

Wa nne husema, "Watoto wana kipindi cha dini shuleni, wana vitabu, wana redio ya dini. Zamani za katekista zimepita." Tunamjibu: redio haijui jina la mwanao. Kitabu hakiji nyumbani kwako jioni kuuliza kwa nini mtoto amekosa mafundisho wiki mbili. Imani si habari ambayo mtu akiisikia amekwisha kuipata. Ni kama moto wa jikoni, huchukuliwa kaa kwa kaa, kutoka nyumba hata nyumba, mkononi mwa mtu. Tena tukumbuke kwamba hata katekista hawezi kushika mahali pa wazazi. Baba na mama ndio waalimu wa kwanza. Wazazi wengi humtupia katekista mtoto kama mtu atupiavyo nguo chafu kwa dobi, wakitumaini kumpokea safi siku ya Kipaimara. Wiki ina saa 168. Katekista anapewa 2 au 3. Mtoto akiharibika, mnamlaumu yeye?

Sasa neno kwa makatekista wenyewe, kwa kuwa hatupendi kusema upande mmoja. Wako kati yenu wanaofundisha kama mtu atwangaye maji: swali, jibu, swali, jibu, fimbo. Hatuwakatazi kuwafundisha watoto kushika maneno kwa moyo. Daudi wa Paimol alifanya hivyo, na vijiji visivyokuwa na vitabu viliishi kwa maneno yaliyoshikwa. Lakini jibu lisiloelezwa ni kama mbegu iliyofungwa katika kitambaa: haiozi, wala haioti. Zamani sana, karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias, alimwandikia Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, akilalamika kwamba mafundisho yake yanamchosha yeye mwenyewe, na wasikilizaji pia. Augustino akamwandikia kitabu kizima. Akamfundisha amsimulie mtu habari ya mapendo ya Mungu tangu kuumbwa ulimwengu, na afundishe kwa furaha, maana msikilizaji huvutwa na furaha ya anayemfundisha. Shauri hilo halijazeeka. Na jingine: wako wachache wanaotumia kazi hii kujipatia ukubwa, wakiwatisha watu kwa jina la padre, au kupokea zawadi ili kumpitisha mtu asiyejua. Hao wanaliharibu jina la wenzao wote, na watu wenye kutafuta sababu ya kudharau huipata kwao.

Lakini kosa la wachache lisiwe kisingizio chetu. Tumesema mengi ya kulaumu; tuseme sasa yanayoweza kutendwa, maana makelele bila tendo ndiyo kweli kazi ya kengele.

Kila kigango kiwe na shamba la katekista, na Wakristo walilime kwa siku iliyowekwa, kabla ya kulima ya kwao. Wakati wa mavuno kila nyumba itoe sehemu. Kigango chenye nyumba 60, kila nyumba ikitoa debe moja la mahindi, ni madebe 60, yaani magunia 10. Debe moja halimwui mtu njaa. Magunia 10 yanalisha jamaa ya katekista. Halmashauri ya kigango iandike aliyetoa na asiyetoa, na isomwe kanisani, kama isomwavyo michango ya mabati. Akiitwa kwenda chuoni, nyumba yake itunzwe mpaka arudi. Mtu hawezi kusoma vema huku akijua kwamba watoto wake wanalala na njaa. Akizeeka, asiachwe kama ng'ombe aliyekauka maziwa. Akifa, azikwe na watu wote aliowafundisha, wala jeneza lake lisiwe neno la kubishania.

Na nyumbani, Jumapili jioni, baba amwulize mtoto wake swali moja tu: "Leo katekista amewafundisha nini?" Swali hilo halina gharama. Lakini mtoto atakayeulizwa kila wiki atajua kwamba nyumbani kwao neno la katekista lina uzito.

Hatukumaliza habari ya karamu. Wasemaji walipokwisha kusema, padre mpya alisimama. Watu walidhani ataanza kushukuru wageni. Hakusema neno. Alitoka kivulini, akapita katikati ya meza, akaenda jikoni. Akachutama mbele ya yule mzee, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Mzee akajibu, "Marahaba, padre wangu." Kisha akamwinua polepole, akamwongoza mpaka kivulini, akamkalisha katika kiti chake mwenyewe, naye akasimama. Ngoma zilinyamaza. Tuliwatazama wakubwa wa kigango, na kila mmoja alikuwa akitazama chini, nasi tulikuwa tukitazama chini pamoja nao, kwa sababu tulikula nyama ya karamu ile tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameinuka.

Ndugu wasomaji, katika kigango chako yuko mzee, au mama, au kijana, ambaye kesho alfajiri ataamka kabla yako akaiendea kengele. Utakapoisikia, usiseme, "Mpiga kengele ameamka." Inuka, uende. Na ukienda, usiende mikono mitupu.